Kikuba cha Glenys

Jumamosi, saa nne, mvua imeamua kupumzika.
Tunapanda kilima cha Meersbrook, wanawake wanne,
viatu vya mpira vikinyonywa na tope,
hadi kibanda cha mabati na kishamba namba thelathini na moja
tunachokikodi kwa baraza la mji.
Chini yetu Sheffield imelala ubavu
na tramu yake inayotambaa kama mdudu asiye na miadi.

Nanaa haijui mipaka.
Tuliipanda ndani ya beseni, ikatorokea tunduni,
sasa imekaa juu ya rozimari
kama mgeni wa siku ya tatu aliyekataa jembe.
Winsome huing'oa akiisuta kwa Kijamaika,
kisha huitia kwenye birika.
Adhabu ya nanaa ni chai.

Parvin ni fundi wa marhamu:
mafuta ya zeituni yaliyolala wiki sita na maua ya kalendula,
nta ya nyuki iliyokunwa kwa kikunio cha jibini.
Mara ya kwanza haikuganda.
Tukajipaka hivyo hivyo,
tukateleza kwenye vitasa vya milango juma zima.
Leo imeganda. Anaigonga kwa kijiko, ko, ko,
haamini.

Mimi nina mrehani wangu.
Nimeulea dirishani tangu Machi,
nikiuhamisha chumba hadi chumba kulifuata jua,
na jua lenyewe la huku ni la kuombwa kwa barua.
Nimewaambia: leo tunafunga vikuba.
Asumini hakuna, tutatia lavenda.
Mkadi hakuna kabisa, tusiulizane.
Waridi ni la ua wa jirani, kwa ruhusa,
au karibu na ruhusa.
Uzi ni ule wa kushonea vifungo.

Glenys ananyoosha kidole tumfunzie kuzungusha.
Ndipo anaposema, macho kwenye uzi,
kwamba tangu ule ugonjwa wa baridi ya mwaka juzi
hanusi kitu.
Wala gesi. Wala mkate ulioungua.
Msimu wa pili huu anakuja kumwagilia
majani yasiyomwambia neno.

Birika likanung'unika peke yake.

"Basi niambieni," akasema. "Moja moja."

Na sisi mabingwa wa kuchuma tukababaika.
Zaatari, alijaribu Winsome,
ni jiko la shangazi siku ya Jumapili, kabla wageni hawajafika.
Lavenda, akasema Parvin, ni shuka
lililokunjwa na mtu mwenye haraka. Hapana, ngojeni.
Ni zambarau ikipiga chafya.

Zamu yangu. Nikafikicha jani, nikatafuta.
Lugha yangu ina shombo, ina vumba,
ina uvundo, ina kikwapa;
vinavyonuka tumevipa majina yao,
vinavyonukia tumeviacha vipite tu, vinukie.
Nikamwambia: ni kufungua sanduku la mama
asubuhi ya Idi, kabla hujakatazwa kugusa.

Akafumba macho. Sikuona muujiza;
alipoyafumbua, pua ilikuwa pua ile ile,
nyekundu kwa upepo.
"La sanduku nimelipata," akasema. "Lilikuwa na kufuli?"
"Kubwa. Na ufunguo ulikaa kifuani mwake."
"Ehe," akasema, kama aliyeuona.

Kikuba chake kilitoka kinene, kimepinda,
uzi ukining'inia kama sharubu.
Akakibana kwa pini kwenye koti la mvua,
akateremka kituoni bila kugeuka.

Usiku akanipigia simu.
Basini kijana mmoja ametoa vile vidude masikioni,
ameangaza mbele, ameangaza nyuma,
mwisho amemuuliza yeye, kwa heshima,
nini kinanukia hivi.

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia ni sanduku.
Nimemwambia na kufuli."